Meza Yako ya Kwanza kwenye Maonyesho ya Sanaa ya Fantasia

Mchoraji anayeanza, mwenye kuchora majini, mashujaa na miji isiyokuwepo duniani, hana mahali pazuri pa kuonyesha kazi yake kuliko Illuxcon, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Yako maonyesho makubwa zaidi, lakini mengi hujaa watu waliokuja kupiga picha na waigizaji wa filamu, na mchoraji huambulia kuulizwa choo kiko wapi. Illuxcon ilianzishwa mwaka 2008 na Pat na Jeannie Wilshire mjini Altoona, na shabaha yake haijabadilika: kuwakutanisha wachoraji wa fantasia na watu wanaonunua picha zilizochorwa kwa mkono. Ilipitia Allentown, ikahamia Reading, ndani ya GoggleWorks, jengo lililokuwa kiwanda cha miwani ya kukinga macho ya wafanyakazi na ambalo tangu 2005 ni kituo cha sanaa. Kwa kawaida hufanyika mwezi wa kumi.

Kuna milango miwili ya kuingilia. Wa kwanza ni ukumbi mkuu, ambako kazi huchujwa na hutundikwa picha za mkono peke yake: mafuta, akriliki, rangi za maji, penseli. Huko ndiko utakakozikuta kazi za wakongwe kama Donato Giancola. Mlango wa pili ni Weekend Salon, maonyesho ya jioni za wikiendi katika hoteli ya jirani, ambako msanii hupata meza, na kazi za kidijitali na nakala zilizochapishwa zinakubalika. Mwongozo huu ni wa mlango huo wa pili. Usiudharau: watu wale wale wanaoshinda ukumbi mkuu mchana ndio wanaopita kati ya meza jioni, wakitafuta jina ambalo bado hawalijui.

Kabla ya kufunga mizigo, elewa kwanza wanunuzi hawa wametoka wapi. Mwaka 1993 ulitoka mchezo wa kadi uitwao Magic: The Gathering, na kila kadi ilikuwa na picha ndogo ya mchawi, joka au msitu. Kampuni ilipata haki ya kuichapisha picha, ila mchoro wenyewe ulibaki mkononi mwa mchoraji. Waliokuwa vijana wakati ule sasa wana kazi na mishahara, na wengi wanataka kuiona ukutani kwao ile picha waliyoishika ikiwa kadi. Soko la Illuxcon limesimama kwa sehemu kubwa juu ya upendo huo, na ndiyo sababu nakusihi jambo hili kuliko mengine yote: hata kama kazi yako yote unaifanya kwenye tableti, nenda na vitu ulivyovichora kwa mkono. Mtu aliyesafiri mamia ya maili kutafuta picha halisi hatafungua pochi kwa ajili ya nakala mia zinazofanana.

Kazi gani upeleke

Peleka kazi chache. Kumi zinatosha, kumi na mbili ni nyingi. Meza yenye picha arobaini za kila namna, mara joka, mara roboti, mara sura ya msanii wa bongofleva, humfanya mpitaji asijue wewe ni nani, naye huendelea na safari yake. Chagua dunia moja. Mtu akisimama kwa nusu dakika aondoke akiwa na sentensi moja kichwani: yule ndiye anayechora kitu fulani.

Na kitu hicho kiwe chako. Majoka ya Ulaya utayakuta kila upande, mengi yamechorwa na watu waliokaa nayo tangu utotoni. Sisi tuna hazina ambayo wengi mle ukumbini hawajawahi kuisikia. Mchukue Fumo Liyongo wa pwani ya kaskazini ya Kenya. Amefungwa gerezani, mama yake anamletea mkate wa wishwa, na ndani ya mkate imefichwa tupa. Usiku watu wanacheza gungu nje na kelele zao zinafunika mlio wa tupa juu ya minyororo. Au mwisho wake: silaha haimdhuru mahali popote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na anayetumwa kumchoma ni mwanawe mwenyewe. Liyongo anajikokota hadi kisimani, anapiga goti, anaweka mshale kwenye upinde na kukata roho vivyo hivyo. Watu wa mji wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai, na siku zinapita hakuna anayethubutu kuteka maji. Kwa mchoraji, kisa hicho kimeshakupangia kila kitu: mwanga wa asubuhi, ndoo tupu, umati uliosimama mbali, na maiti inayolenga shabaha. Sijui mkurugenzi wa sanaa gani atakayeisikia hadithi hiyo asiulize zaidi.

Zipo nyingine. Kuna mashetani wa wachonga vinyago wa Kimakonde, mtindo ambao asili yake huhusishwa na Samaki Likankoa katika miaka ya 1950, na ambao George Lilanga aliufikisha kwenye kuta za makumbusho ya mbali kabla ya kufariki mwaka 2005. Kuna majini ya baharini, kuna Popobawa wa Pemba, kuna mazimwi wa hadithi za bibi zetu. Ila chora kama mtu wa ndani. Usimchore Liyongo kama shujaa wa Kigiriki aliyevikwa kikoi, wala usimpeleke shetani wa Kimakonde akiwa pambo la watalii lenye machweo ya mbuga nyuma yake. Tazama mlango wa Lamu jinsi nakshi zake zilivyokatwa, tazama siwa, tazama kamba za jahazi zinavyofungwa, chora michoro mingi ya mazoezi, ndipo uingie kwenye picha. Mnunuzi wa Illuxcon ana jicho kali. Anajua picha iliyofanyiwa utafiti hata kama nchi yenyewe haijui.

Michoro hiyo ya mazoezi usiitupe. Karatasi ndogo yenye penseli ambayo ulijaribia mkao wa goti la Liyongo ni kitu cha kuuza. Wakusanyaji huipenda kwa sababu inaonyesha mkono ukifikiri, na kwa mchoraji mwenzako asiye na fedha nyingi huenda ikawa ndiyo pekee anayoweza kuimudu. Panga ngazi tatu za bei: karatasi za penseli, kisha picha ndogo zilizokamilika, kisha moja au mbili kubwa. Kubwa hazitegemewi sana kuuzwa. Kazi yake ni kumsimamisha mtu.

Upande wa vipimo, fuata fremu za kule. Marekani fremu za dukani huenda kwa inchi: 8 kwa 10, 11 kwa 14, 16 kwa 20. Ukichora picha ya kipimo cha kubuni, mnunuzi atalazimika kutengenezesha fremu, na gharama hiyo inaweza kuzidi bei ya picha yako. Inchi 8 kwa 10 ni kama sentimita 20 kwa 25, ukubwa unaoingia vizuri kwenye begi la mkononi. Chora juu ya ubao mwembamba au hadibodi iliyopakwa jeso vizuri, maana kanvasi iliyovutwa kwenye mbao hutobolewa safarini kwa urahisi. Kama unatumia rangi za mafuta, maliza mapema sana. Rangi hiyo huendelea kukauka kwa miezi, na kwa desturi husubiriwa karibu nusu mwaka kabla ya kupakwa vanishi ya mwisho. Picha mbichi ikifungwa kwenye plastiki hunata, na ikinata imeharibika. Akriliki na rangi za maji hazina adha hiyo.

Nakala chukua kiasi: picha nne au tano zilizo bora, kwenye karatasi isiyo na asidi, kila moja ndani ya plastiki angavu na kadibodi ngumu nyuma yake. Ukitangaza kwamba nakala ni 50 tu, ziandike namba na sahihi kwa penseli, kisha uheshimu ahadi hiyo maisha yako yote. Ukiongeza mchoro mdogo wa mkono pembezoni mwa nakala, unaweza kuiuza kwa bei ya juu kidogo, na mnunuzi anaondoka na kitu ambacho hakuna mwingine anacho.

Bei na fedha

Andika bei kwenye kila kitu. Wengi wetu tumezoea soko la mapatano, na kuacha kuandika bei huonekana ni ustaarabu au ujanja. Kule hufanya kazi kinyume: mtu asiyeona bei hudhani hawezi kuimudu, huona haya kuuliza, huondoka. Bei ya mezani ilingane na bei unayouzia mtandaoni. Wakusanyaji huzungumza wao kwa wao, na aliyegundua kwamba mwenzake alipunguziwa nusu hatarudi.

Kumbuka kodi. Pennsylvania hutoza kodi ya mauzo ya 6%, kwa hiyo picha ya dola 150 inapaswa kukusanya dola 9 juu yake. Waulize waandaaji mapema utaratibu wa leseni ya muda ya kukusanya kodi hiyo, ujue la kufanya kabla hujafika. Wengi hulipa kwa kadi, hivyo uwe na njia ya kupokea kadi kwa simu, na uijaribu ukiwa bado nyumbani, kwa sababu akaunti nyingi za namna hiyo huhitaji benki ya nchi husika. Kama huna, ungana na mwenzako aliye kule, andikianeni makubaliano. Chukua pia noti ndogo za chenji na kitabu cha risiti. Risiti yenye jina la picha, mwaka na sahihi yako ni hati ambayo mkusanyaji ataitunza pamoja na picha.

Usikubali kuuza haki ya kuchapisha bila kujua unafanya hivyo. Mtu akinunua picha amenunua picha. Hajanunua ruhusa ya kuiweka kwenye fulana wala kwenye jalada la kitabu. Weka mstari mmoja wa jambo hilo kwenye risiti, na hutahitaji kugombana na mtu.

Jioni yenyewe

Taa za kumbi za hoteli ni za karamu, hazikuwekwa kwa ajili ya picha. Ni za manjano na hutoka juu kabisa, zikiangukia vichwa vya watu na kuiacha meza yako gizani. Beba taa mbili za klipu zenye mwanga mweupe, ekstensheni, na kibadilishio cha plagi, kwani umeme wa Marekani ni volti 120 na matundu yao ya soketi si kama yetu. Beba kitambaa cheusi kinachofika sakafuni, kisicho na maua, na stendi za kuinulia picha zifike usawa wa kifua. Picha iliyolazwa mezani haionekani na aliye mstari wa pili. Tandaza kila kitu nyumbani kwanza, rudi nyuma hatua tano, piga picha kwa simu, kisha ondoa nusu ya ulivyoweka.

Sasa simama. Kiti kipo, ila anayekaa akiinamia simu huwa amefunga duka. Kwetu adabu inamtaka mtu asijitangaze, angoje kuulizwa. Kule mpitaji huona aibu kama wewe, na anayetakiwa kuanza ni mwenye meza. Si lazima ujisifu. Msalimie, mwache atazame, halafu mpe sentensi moja ya picha aliyoikazia macho: “Huyu amekwisha kufa, lakini mji mzima haujui.” Kisha nyamaza. Akiuliza, endelea na kisa. Asipouliza, mpe kadi yenye jina, picha moja na anwani ya tovuti yako, umtakie jioni njema.

Utamtambua mkusanyaji kwa jinsi anavyoshika kazi. Ataomba ruhusa, atainua picha kwa kingo, viganja vikiwa mbali na rangi, ataigeuza taratibu mwangaza uteleze juu yake aone ilipokwaruzwa na ilipopakwa nene, kisha ataipindua kutazama mgongo. Watu wengi hawajui kwamba mgongo wa picha nao ni sehemu ya mauzo. Andika hapo, kwa mwandiko unaosomeka, jina la kazi, jina lako, mwaka, aina ya rangi, na mistari miwili ya kisa. Mwanamume mmoja aliyekuwa ameshairudisha picha yangu mezani aliichukua tena baada ya kusoma mgongo wake, akaniomba nimtamkie jina la Liyongo mpaka akaliweza. Ndipo akauliza kama napokea kadi.

Kama unaswali, mwombe jirani akuangalizie meza. Wasanii hufanyiana hivyo jioni nzima, na utamlipa kwa kumwangalizia yake anapokwenda kula. Jirani wa meza ndiye rafiki wa kwanza utakayempata, na mara nyingi ndiye atakayekutajia mkurugenzi wa sanaa aliyeulizia kazi kama zako saa moja iliyopita. Mwisho wa maonyesho wasanii hubadilishana kazi ndogo. Kubali. Mkusanyiko wangu mzuri kuliko wote umetokana na kubadilishana.

Wakurugenzi wa sanaa wa mashirika ya vitabu na michezo huja Reading, na wengine huwa na nafasi za kupitia kazi za wachoraji. Jiandikishe mapema. Peleka jalada la picha kumi hadi kumi na tano, bora kuliko zote ianze, ya pili kwa ubora imalizie, na usimwekee hata moja ambayo utahitaji kuiombea radhi, kwa sababu atakukumbuka kwa ile dhaifu. Atageuza kurasa haraka, pengine bila neno. Usijaze ukimya huo kwa maelezo. Muulize swali moja lenye maana: katika hizi, ni ipi ungeweza kuitumia kesho, na kwa kazi gani? Jibu la swali hilo lina thamani kuliko sifa zote, maana ndilo linalokuonyesha uchore nini miezi ijayo. Andika alichosema mara utokapo. Na usimfuate mtu anayekula, wala usimwekee jalada mkononi barazani hotelini kama hajaliomba.

Safari

Kama unatoka Afrika Mashariki, anza mambo ya viza miezi mingi kabla, kwa kuwa foleni ya usaili ubalozini ndiyo itakayoamua kama unakwenda. Kanuni za viza ya B-1 humtambua msanii ambaye hana mkataba na mwajiri wa Marekani na hana nia ya kuuza kazi zake mara kwa mara ndani ya nchi hiyo. Eleza waziwazi unakwenda kufanya nini, beba barua ya waandaaji inayothibitisha meza yako, na kama una shaka juu ya kuuza, uliza kabla ya kuondoka. Forodhani, picha zilizochorwa kwa mkono mzima huwa katika sura ya 97 ya orodha ya ushuru inayotumika duniani, na nakala zilizochapishwa kwa mashine huwa katika sura ya 49. Andaa orodha yenye jina, kipimo, aina ya rangi na thamani ya kila moja, uzitenganishe hizo mbili. Picha ziwe kwenye begi la mkononi. Tapentaini na viyeyushi vingine viache nyumbani, havipandi ndege.

Wengi wenu hamtaweza kwenda mwaka huu, na si sababu ya kukaa. Yote niliyoyaeleza kuhusu meza, taa, bei na mgongo wa picha yanatumika Nairobi kwenye NAICCON, na yanatumika katika maonyesho ya Nafasi Art Space, Dar es Salaam. Fanya mazoezi huko. Mtu aliyekwisha kuuza picha ndogo ya Liyongo kwa Mswahili anayekijua kisa, akakosolewa upinde wake, anafika Reading akiwa mchoraji bora zaidi.

Mwisho, kabla hujalala usiku wa kurudi, andika majina. Nani alinunua, nani aliomba bei ya kubwa, nani alisema niandikie. Ndani ya wiki moja watumie barua pepe fupi yenye picha ile ile waliyoitazama, siyo tangazo la jumla. Kazi za kuagizwa huja kwa njia hiyo, wakati mwingine baada ya mwaka mzima, kutoka kwa mtu ambaye hakununua chochote jioni ile.

Maombi ya meza hufunguliwa miezi mingi kabla ya mwezi wa kumi, na meza hujaa. Kwa hiyo wiki hii toa kazi zako zote, chagua kumi za dunia moja, umwonyeshe mtu anayekuambia ukweli, ondoa mbili atakazosita mbele yake, uchore mbili mpya mahali pake. Kisha jaza fomu.